Kisu chetu na mfupa wa kanga

JIKONI KWETU



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeongea juu ya kuhifadhi unga wa muhogo. Mnisamehe, unga utangoja kidogo. Siku ya Mungu jikoni kwangu kulitokea jambo, na naona afadhali niwaambie lingali na moto wake, hata kama linaniletea haya mimi mwalimu ninayependa kufundisha wengine.

Shemeji yangu alituletea kanga mmoja wa pori, aliyenaswa pembeni ya shamba lake. Mnajua wenyewe siku hizi nyama ya namna hiyo imekuwa ya nadra kwetu. Tangu mwaka wa 2014 watu wengi wa Oicha, Mbau na Eringeti wameacha mashamba ya mbali, na anayeingia porini leo anaingia na roho mkononi. Kwa hiyo kanga alipofika, nyumba nzima ilifurahi. Tulikuwa na wageni wawili, watoto walikuwa wametoka kanisani na njaa, na mimi nilikuwa na haraka.

Nikamnyonyoa, nikamlaza kwenye ngazi ya sementi nje ya jiko, nikachukua kisu cha mama mkwe, nikaanza kupiga paja kama mtu anayepasua kuni. Mfupa ukakataa. Nikaweka kisu juu ya mfupa, nikapiga mgongo wa kisu kwa mchi. Mara ya tatu mfupa ukavunjika. Nikafurahi, nikaendelea na mabawa na kifua kwa namna ileile.

Mangaribi tukaketi kula. Mtoto wangu wa pili, ana miaka sita, akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu, akasema: «Mama, nyama ina sindano.» Nilikipokea kwenye kiganja. Kilikuwa kipande cha chuma, kama nusu ya punje ya mchele, na upande mmoja kilikuwa kinakata.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliomba kisu chake, akakiinua mbele ya taa, akakiweka kile kipande kwenye makali. Kikaingia sawasawa, kama jino kwenye ufizi wake. Akasema tu: «Binti yangu, kisu hiki hakijazeeka. Kimepigwa.» Kisha akasogeza taa, na sote tukaona pengo la pili, karibu na ncha. Kipande cha pengo lile hatukukipata popote. Tukachukua sufuria nzima, kanga na mchuzi wake, tukaenda kuzika nyuma ya choo. Wageni walikula bugali na sombe.

Na kisu chenyewe si cha kununua tu sokoni kesho. Siku familia ya mume wangu ilipokimbia kijiji, mama mkwe alitoka na nguo za mwilini, sufuria moja na kisu hicho. Ndiyo maana leo nataka tuongee juu ya makali ya kisu: yanaharibikaje tunapotengeneza ndege, tufanye nini yasiharibike, na yakiharibika tuyatengenezeje.

MAKALI YANAHARIBIKA KWA NJIA MBILI

Watu husema kisu kimefika mfupani wakati mambo yamekuwa magumu kabisa. Jikoni neno hilo ni kweli bila mafumbo. Nyama haiharibu kisu. Mfupa, jiwe na sementi ndivyo vinavyokiharibu.

Makali ya kisu ni chuma chembamba sana, chembamba kuliko karatasi ya daftari. Kikikutana na kitu kigumu, kinafanya moja kati ya mambo mawili. Kama chuma ni laini, makali yanajikunja upande, kama ukingo wa karatasi. Kama chuma ni kigumu, hayajikunji bali yanameguka na kuacha pengo. Visu vingi vyembamba vinavyong'aa, vya bei ndogo sokoni, hujikunja. Visu ambavyo mafundi wetu wanafua kutoka kwenye resori za gari vinaweza kuwa vigumu sana. Vinakaa na makali muda mrefu, lakini ukivipiga vibaya vinameguka. Cha mama mkwe ni cha resori.

Makali yaliyojikunja yanachosha mkono, na kisu kinateleza juu ya ngozi ya ndege na kuja kwenye kidole chako. Makali yaliyomeguka yana hatari nyingine zaidi: kile kilichomeguka kiko mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni sufuria.

Jinsi ya kujua bila kujikata: shika kisu, makali yakitazama juu, chini ya mwanga wa jua au wa taa. Makali mazuri hayang'ai, utaona mstari mweusi tu. Pale unapoona nukta nyeupe inayometa, hapo pamekuwa butu, pamejikunja au pana pengo. Halafu chukua pamba kidogo, ipitishe kutoka mgongo wa kisu kwenda makalini, pande zote mbili. Mahali pamba inaponasa, hapo pana shida. Usipitishe kidole kamwe kwa urefu wa makali.

Fanya hivyo kabla ya kukata na baada ya kukata. Kama mwanzoni hapakuwa na pengo na mwishoni lipo, unajua kipande kimo katika nyama. Osha vipande vyote vya nyama kimoja kimoja ndani ya beseni, acha maji yatulie, yamwage polepole, kisha tafuta chini ya beseni. Sumaku ya spika ya redio iliyoharibika inasaidia sana: ifunge katika mfuko mdogo wa plastiki, uipitishe chini ya beseni na juu ya nyama. Lakini visu vingine visivyoshika kutu havivutwi vizuri na sumaku, basi usiitegemee peke yake. Ukikosa kipande, tupa ile sehemu uliyokuwa unaipiga. Kama umekwisha kuchanganya yote, tupa yote. Najua inauma. Mimi imeniuma juma zima.

Na kama mtoto amekwisha kumeza chuma, usimtapishe, usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe kisu ili muganga aone ukubwa wa pengo.

MAADUI WATANO WA KISU KATIKA NDEGE

Wa kwanza ni mfupa wenyewe, hasa wa ndege mzee na ndege wa pori. Kanga anayekimbia kutwa nzima ana mifupa migumu ya miguu kuliko kuku mdogo wa kufugwa. Tena mfupa mrefu wa ndege una uwazi ndani. Ukiupiga haukatiki vizuri, unapasuka vipande vyenye ncha kali. Kwa hiyo unaharibu kisu na papo hapo unawawekea watoto miiba katika mchuzi.

Wa pili ni firigisi. Wengi hatumfikirii huyu. Kuku, kanga na kwale hawana meno, wanameza vijiwe vidogo na mchanga ili visage chakula ndani ya firigisi. Ukiikata firigisi katikati kwa nguvu, unapitisha makali juu ya changarawe. Ni sawa na kunolea kisu barabarani.

Wa tatu ni mahali unapokatia. Sementi, jiwe, sinia ya chuma na sahani, vyote vinakunja makali kila mara kisu kinapovigusa. Kata juu ya ubao. Kama huna ubao, kipande cha shina la mti kilichosawazishwa kinatosha, mradi ukioshe kwa maji ya moto na sabuni kisha ukianike juani.

Wa nne ni chuma kilichokuja na ndege. Aliyenaswa kwa mtego wa waya anaweza kuwa na waya ulioingia ndani ya ngozi ya mguu. Utafute kwanza kwa vidole, uutoe kwa koleo, ndipo ukate. Aliyepigwa kwa bunduki ya marisau anabeba vidonge vidogo. Vingi ni vya madini ya risasi, laini, havivunji kisu sana, lakini ni sumu, na ubaya wake ni mkubwa zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Penye tundu jeusi katika nyama, kata eneo lote linalozunguka tundu na ulitupe.

Wa tano ni barafu. Hapa naongea juu ya kuku wa frigo tunaonunua Noeli na Bonane. Nyama iliyoganda ni kama jiwe. Kisu chembamba kikiingia na ukikizungusha ili kupanua, makali yanameguka. Acha kuku alainike kwanza ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pa baridi, mbali na mboga. Akikataa kukatika, bado hajawa tayari. Haraka haraka haina baraka.

KATA KWENYE KIUNGO, SI KWENYE MFUPA

Hili ndilo somo lenyewe, na kama ukisahau mengine yote, shika hili. Mungu aliumba ndege na milango. Kila mahali mfupa unapokutana na mfupa mwenzake pana kiungo, na kiungo hakina mfupa katikati, kina ngozi, mishipa na gegedu laini. Kisu kidogo kinapita hapo bila kelele. Ukisikia sauti ya «ka!», umekosea mlango. Rudi, tafuta kwa kidole.

Kwanza nyonyoa na uoshe kabla ya kukata. Manyoya na miguu vinabeba mchanga, na mchanga unakula makali. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasiwe yanachemka, maana yanayochemka yanapika ngozi nayo inachanika. Changanya maji yaliyochemka na baridi kidogo.

Miguu ya chini, ile yenye magamba: kunja mguu kwenye goti lake la chini, utaona pengo linafunguka. Pitisha kisu hapo.

Paja: vuta paja mbali na mwili, kata ngozi tu, kisha shika paja kwa mkono mzima na ulikunje kwa nyuma, kuelekea mgongoni. Utasikia kichwa cha mfupa kinatoka katika shimo lake. Sasa kazi imebaki ya ncha ya kisu: kata mishipa inayoshika. Mikono imefanya kazi ya nguvu, kisu kimefanya kazi ya akili.

Kutenga paja na mguu: geuza upande wa ndani, utaona mstari mwembamba wa mafuta meupe unaopita juu ya kiungo. Kata juu ya mstari huo. Kwa kanga wa pori asiye na mafuta mstari hauonekani sana. Basi kunja na kukunjua, kidole gumba kikiwa juu, hadi usikie mahali panapocheza.

Bawa: liinue, tafuta kiungo kwenye kwapa, kata ukizunguka kichwa cha mfupa.

Kifua: usikipasue katikati kwa panga. Katikati ya kifua pana mfupa uliosimama kama mgongo wa mtumbwi. Pitisha kisu upande mmoja wa mfupa huo, ukiutelezea mfupa, nyama inaachia yenyewe. Fanya upande wa pili. Mfupa wenyewe uende mzima katika mchuzi.

Mgongo na mbavu: shika kwa mikono miwili, fungua kama kitabu, utavunjika katikati. Kata ngozi inayobaki. Shingo nayo, izungushe kwanza, kisha pitisha kisu kati ya pingili.

Firigisi: tafuta ukingo wake mwembamba, ikate juu juu kwa ncha kama mtu anayefungua bahasha. Ukisikia mkwaruzo, simama. Fungua kwa vidole, mwaga vijiwe, osha, ndipo umenye ngozi ya njano ya ndani kwa mikono.

Kwale na njiwa ni wadogo, hawahitaji panga hata kidogo. Vidole viwili vya gumba na mkasi wa jikoni vinatosha.

Ikiwa lazima mfupa ukatwe, kwa mfano mnagawa kuku mmoja kwa watu kumi na wawili, tumia panga nzito na si kisu. Piga mara moja, wima, juu ya gogo. Usipige mgongo wa kisu kwa mchi wala kwa jiwe, na usikizungushe kisu kikiwa ndani ya mfupa. Haya mawili ndiyo niliyoyafanya.

Neno moja kabla ya kuendelea. Ndege aliyeokotwa amekufa porini hapikwi, hata akiwa mnono. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 tuliishi na Ebola hapa, na somo la kutogusa mnyama uliyemkuta amekufa halipaswi kusahauliwa. Na uwindaji una sheria yake, ya tarehe 28 Mei 1982. Ndani ya hifadhi ya Virunga hauruhusiwi. Tusipokee zawadi inayoweza kumfunga anayetuletea.

KUTENGENEZA KISU KILICHOHARIBIKA

Kwanza osha kisu. Kazi hii ifanyike mbali na chakula, na watoto wasichezee hapo.

Makali yaliyojikunja. Geuza kikombe au sahani ya udongo mweupe, ile inayovunjika ikianguka. Chini yake pana duara lenye kukwaruza, lisilopakwa rangi ya kung'aa. Loweka kwa maji. Pitisha makali hapo polepole, kutoka mpini hadi ncha, mara tano upande huu, mara tano upande ule. Mara nyingi hii tu inarudisha makali. Fanya hivyo kila juma na hutakuwa na kazi kubwa.

Pengo dogo, lile unalolisikia kwa pamba lakini kwa macho linaonekana kwa shida. Hapo tunatumia jiwe la kunolea, lile la sokoni lenye pande mbili, moja lenye chembe kubwa na moja laini. Lilaze juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze. Loweka jiwe. Sasa swali ni hili: uinue mgongo wa kisu kiasi gani? Tufanye kama darasani. Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ni pembe ya digrii 90. Ikunje kona hiyo mara mbili sawa, inakuwa 45. Ikunje tena, inakuwa 22 na nusu. Simamisha pembe hiyo ndogo juu ya jiwe, egemeza kisu juu yake, mkono wako utakumbuka. Ni kiasi kizuri kwa kisu cha jikoni. Kwa panga la kukatia mifupa, kunja kona ya 90 mara tatu sawa, upate 30. Makali mapana kidogo hayamegeki upesi.

Sukuma kisu mbele kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe. Anza upande wa chembe kubwa. Hesabu mara kumi upande mmoja, mara kumi upande wa pili, usibadilishe pembe. Endelea hadi pengo lipotee. Kisha upande laini, mara chache, kwa mkono mwepesi.

Pengo kubwa, kama la kisu cha mama mkwe. Hapa jiwe litakuchosha siku nzima, chukua tupa, ile wengi tunaita lime. Kosa la wengi ni kuchimba pale penye pengo tu. Ukifanya hivyo pengo linakuwa bonde, na kisu hakitakaa sawa tena juu ya ubao. Lazima makali yote yashuke hadi kina cha pengo. Funga kisu juu ya ubao au mwombe mtu mzima akishike imara kwa mpini, ubapa ukiwa umelala. Sukuma tupa kwa urefu wa makali yote, sawasawa, hadi pengo likwishe. Wakati huo kisu kitakuwa butu kabisa. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Sasa rudisha makali kwa tupa upande mmoja na upande mwingine, kwa pembe ile ya karatasi. Tupa inakata ikisukumwa mbele tu. Inua wakati wa kurudi, ama utaua meno yake. Mwisho nenda kwenye jiwe kama kawaida. Kama tupa inateleza juu ya chuma bila kukiuma, chuma ni kigumu kuliko tupa. Acha, tumia jiwe la chembe kubwa na uvumilivu.

Utajuaje umefika? Upande mmoja ukinoleka vya kutosha, upande wa pili unatokea uzi mwembamba sana wa chuma, unausikia ukipitisha kidole kutoka mgongo kwenda nje, si kwa urefu. Geuza, noa upande huo hadi uzi uhame. Uzi huo nao ni chuma, usiuache uingie kwenye nyama. Utoe kwa kupitisha kisu juu ya mkanda wa ngozi au karatoni, ukikivuta kwa nyuma, mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, na kama ni kisu kinachoshika kutu, paka tone la mafuta ya mawese.

Wengine wanapeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuzunguka. Ni vizuri kwa pengo kubwa sana, lakini simama pale na uangalie. Cheche nyingi bila maji maana yake ni joto. Chuma cha resori kikigeuka rangi ya bluu kwenye makali, kimepoteza ugumu wake, na hapo hakitakaa na makali hadi ile sehemu yote iondolewe. Mwombe fundi achovye kisu katika maji kila mara. Ni haki yako, unalipa.

Na kama umejikata katika kazi hizi, osha kwa maji mengi na sabuni, funga kitambaa safi. Kidonda kirefu au chenye mchanga, nenda kituo cha afya uulize juu ya chanjo ya pepopunda. Usipake majivu wala dawa ya meno.

KISU CHA KUAZIMA

Nimalize kwa jambo linalotugusa sisi kama kikundi. Katika lupango nyingi za Oicha kisu kizuri ni kimoja, na kinatembea. Leo kiko kwa ubatizo, kesho kwa kilio, kesho kutwa kwa mama aliyehamia karibu na hana hata kijiko. Ni jambo jema, tusiliache. Lakini nimekwisha kuona wamama wawili wakiacha kusalimiana kwa ajili ya kisu kilichorudi na mapengo. Aliyeazima alisema kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwenye kisu alisema hapana. Hakuna aliyekuwa amekitazama.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Anayeazima na anayeazimisha wakitazame kisu pamoja kwenye mwanga, wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Mwenye AVEC, muulizane kama mfuko wa mambo ya jamii unaweza kununua tupa moja na jiwe moja la kikundi. Vinaweza kunoa visu vya wanachama wote. Na siku ya sherehe kubwa, mtu mmoja apewe kazi ya kutenga ndege kwenye viungo, wengine waoshe na kupanga. Kumi wakipiga mifupa kwa kisu kimoja, hakibaki.

ZOEZI LA JUMA

Jioni hii kaa na binti yako, na mtoto wa kiume pia, maana naye ana tumbo. Tazameni kila kisu cha nyumba mbele ya taa na mhesabu nukta nyeupe. Kunjeni karatasi ya pembe. Na siku mkipata kuku, mwache mtoto atafute kiungo kwa kidole kabla wewe hujakata. Anayejua mlango ulipo hana sababu ya kuvunja ukuta.

Kisu cha mama mkwe nimekipiga tupa siku mbili. Kimepungua upana kidogo, lakini mapengo hayapo, na juzi kilipita katika viungo vya kuku bila sauti. Bado mama anakiinua kwenye taa kila ninapomrudishia. Ana haki.

Juma lijalo, kama jikoni kwangu kutakuwa na amani, tutaongea juu ya unga wa muhogo. Mwenye swali au njia yake ya kunoa, amletee kiongozi wa kikundi chake, nasi tutalisoma hapa pamoja.

Mbaki na amani.